Ugali, Chai ya Maziwa na Kazi ya Mwili

Kijana anayeanza mazoezi Nairobi au Dar es Salaam siku hizi hupewa ushauri mapema sana. Ataambiwa aache ugali, apunguze wali, asiguse chapati usiku, na akipata mshahara anunue kopo la unga wa protini ambalo bei yake ingelisha nyumba nzima maharagwe kwa wiki kadhaa. Huko kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, Iten, Kaptagat na vijiji vya jirani, wanaishi na kufanya mazoezi baadhi ya wakimbiaji hodari kuliko wote duniani, nao hula ugali karibu kila siku, hunywa chai ya maziwa yenye sukari mara kadhaa kwa siku, na nyama hupata kidogo tu. Haiwezekani pande zote mbili ziwe zimeyaelewa sawasawa mahitaji ya mwili. Hoja yangu ni kwamba upande wa Bonde la Ufa ndio ulioshika jambo la msingi, nalo ni hili: chakula hupimwa kwanza kwa kazi inayofanywa, kwa kiasi chake na kwa saa yake. Mengine yote hufuata baadaye. Kwa kipimo hicho tunaweza kueleza kwa nini sahani ile inamfaa mkimbiaji, ni wapi inampunja, na kwa nini haimfai kabisa karani anayeshinda kitini.

Ushahidi upo. Mwaka 2004 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu kwa siku 7, chakula chao kikipimwa na kuandikwa. Asilimia 76.5 ya nishati waliyoila ilitokana na wanga, asilimia 13.4 mafuta, na asilimia 10.1 tu protini. Kwa kila kilo ya uzito wake, mkimbiaji alikula wastani wa gramu 10.4 za wanga kwa siku. Ugali peke yake ulitoa karibu robo ya nishati yote, na sukari karibu moja ya tano. Miaka miwili kabla ya hapo, utafiti mwingine ulikuwa umewafuata vijana 12 wakimbiaji wa Kikalenjini kwa wiki mbili na kukuta hali ileile: wanga ulikuwa asilimia 71, na mahindi pamoja na maharagwe yalibeba asilimia 81 ya nishati yao. Wakimbiaji wa Ethiopia, waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walikuwa na wanga wa asilimia 64. Watu waliopimwa katika tafiti hizi ni wachache, na hilo lisifichwe. Lakini tafiti za miaka tofauti, za watu wa umri tofauti na nchi mbili, zinapoelekeza upande mmoja, mwenye kudai kwamba ugali ni adui wa mazoezi ndiye anayedaiwa maelezo.

Sababu ya wanga kutawala sahani hiyo iko ndani ya misuli. Mtu anapokimbia kwa kasi, misuli hutegemea zaidi glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa katika misuli yenyewe na katika ini. Akiba hiyo ni ndogo: mtu mzima hubeba kama gramu 300 hadi 500 misulini na kama gramu 100 inini. Mafuta ya mwilini ni mengi zaidi, hata kwa mtu mwembamba kama mkimbiaji wa marathoni, ila hayawezi kuchomwa upesi vya kutosha kumtosheleza anayekwenda kasi, na hudai oksijeni zaidi kwa kila kiasi cha nishati yanachotoa. Mwaka 1967 Jonas Bergström, Eric Hultman na wenzao huko Sweden walilionyesha jambo hili kwa namna ambayo haijapinduliwa hadi leo. Waliwaendesha watu baiskeli mpaka wakachoka kabisa, wakichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kwa sindano ili kupima glikojeni iliyomo. Waliokula mlo wa kawaida waliendesha kwa kama dakika 114. Baada ya siku chache za chakula cha mafuta na protini, watu walewale waliishiwa nguvu kwenye dakika ya 57. Baada ya siku chache za chakula cha wanga kwa wingi, walifika dakika 167. Mtu yuleyule, mapafu yaleyale, miguu ileile. Kilichobadilika ni sahani.

Sasa tazama hesabu ya jikoni. Mkimbiaji wa kilo 58 anayehitaji gramu 10 za wanga kwa kila kilo anatafuta karibu gramu 600 kwa siku. Unga mkavu wa mahindi una wanga wa kama gramu 75 katika kila gramu 100, kwa hiyo angeutegemea peke yake angehitaji gramu 800 za unga, ambazo zikishasongwa na maji hutoa ugali wa zaidi ya kilo mbili. Ni wachache wanaoweza kuumaliza ugali huo kila siku na bado wakakimbia jioni bila tumbo kulalamika. Hapo ndipo chai inapopata kazi. Maji na maziwa huchemshwa pamoja katika sufuria moja, majani na sukari hutiwa humohumo, na watu wakirudi kutoka mbio za alfajiri, jasho likiwa halijakauka mgongoni, hukuta birika na mkate uliokatwa au chapati za jana zilizopashwa moto. Ndani ya kikombe hicho mna maji ya kurudisha yaliyopotea kwa jasho, sukari inayoingia damuni upesi, protini ya maziwa na madini yake. Mtaalamu wa lishe ya michezo akiombwa atengeneze kinywaji cha baada ya mazoezi, ataishia karibu na hapohapo. Katika utafiti wa Onywera, wakimbiaji walikunywa chai ya wastani wa lita moja na robo kasoro kidogo, yaani mililita 1,243 kwa siku, nyingi kuliko hata maji, ambayo yalikuwa mililita 1,113.

Saa ya kula ina uzito wake, ingawa watu wameitia chumvi. Mwaka 1988 John Ivy na wenzake Marekani waliwapa waendesha baiskeli kinywaji cha wanga, mara moja baada ya mazoezi au saa mbili baadaye, na wakakuta kwamba aliyecheleweshwa alijaza tena glikojeni kwa kasi iliyopungua kwa karibu nusu. Tangu hapo wauzaji wameligeuza jambo hili kuwa tishio: usipokunywa ndani ya nusu saa, mazoezi yako yamekwenda bure. Si kweli kwa kila mtu. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mwenye kula wanga wa kutosha siku nzima hufikia kiasi kilekile cha glikojeni baada ya saa 8 au 24, hata kama alichelewa kuanza. Haraka ina maana kwa anayerudi uwanjani siku hiyohiyo, na wakimbiaji wa Bonde la Ufa ni watu wa namna hiyo: wengi hukimbia alfajiri, hukimbia tena saa nne asubuhi, na pengine jioni. Wakichelewa kula asubuhi, mazoezi ya saa nne yatawakuta wakiwa watupu. Mwalimu wa shule anayekimbia kilomita tano mara tatu kwa wiki anaweza kuoga, kwenda nyumbani na kula na watoto wake bila hofu yoyote. Kwa sababu hiyohiyo, mwanamichezo anayefunga Ramadhani, Mombasa au Unguja, ana njia ya kuitunza siha yake: ayasogeze mazoezi mazito yawe baada ya futari, ale tena usiku, na asiiache daku. Kinachowaangusha wengi ni kiasi kupungua na usingizi kukatika, kuliko saa zenyewe.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito, na lina ukweli ndani yake. Wapo wanaosema kwamba Wakenya hawashindi kwa sababu ya ugali. Wanashinda kwa sababu ya kukulia kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kwa sababu ya miguu myembamba isiyochosha kuibeba, kwa sababu ya mazoezi makali ya kundi, na kwa sababu mbio ni mlango wa kutokea kwenye umaskini. Ugali ni chakula cha bei nafuu tu, wanasema, na kama wangepata fedha wangekula vingine. Nakubali sehemu kubwa ya maneno hayo. Mamilioni ya watu Afrika Mashariki hula ugali na sukuma wiki bila kukaribia muda wa kufuzu Olimpiki. Lakini sidai kwamba ugali huzaa mabingwa. Ninachodai ni kidogo zaidi, na ni kigumu zaidi kukikanusha: kwamba mlo huu unatosha kubeba mazoezi mazito kuliko yote ambayo mwili wa binadamu hupewa, na kwa hiyo mtu anayefanya robo ya kazi ile hawezi kudai kwamba anahitaji kopo la kigeni ili apone kabla ya Jumatatu. Tena, wakimbiaji walioshinda fedha nyingi nje hawajauacha ugali. Wengi huongeza maziwa, mayai, nyama na matunda, na siku ya mashindano hunywa vinywaji vya wanga vilivyotengenezwa maabara, lakini jikoni mwa kambi mwiko bado unafanya kazi.

Wapo pia wanaotetea mlo wa wanga kidogo na mafuta mengi, wakisema mwili ukifundishwa kuchoma mafuta utakuwa na akiba isiyokwisha. Wazo hili limepimwa vizuri. Louise Burke na wenzake huko Australia waliwagawa watembea kwa kasi wa kiwango cha kimataifa katika makundi kwa wiki tatu za mazoezi makali, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kundi la mafuta lilifanikiwa kweli kuchoma mafuta mengi zaidi kuliko mwanzo. Tatizo ni kwamba kila hatua iliwagharimu oksijeni zaidi. Makundi mawili yaliyokula wanga wa kutosha yaliboresha muda wao wa kilomita 10. Kundi la mafuta halikuboresha, ingawa lilifanya mazoezi yaleyale. Watafiti hao walirudia jaribio baadaye, matokeo yakaelekea kulekule. Mtu anaweza kupunguza wanga kwa sababu nyingine, kwa mfano kudhibiti kisukari chini ya uangalizi wa daktari, na anaweza kutembea au kukimbia polepole kwa miaka akiwa katika mlo huo. Anayetaka kasi anajinyima mafuta ya taa halafu analaumu taa.

Kuhusu protini lazima niwe mwangalifu, maana hapa vijana wa ukumbi wa mazoezi wana hoja kuliko wanavyopewa sifa. Uchambuzi wa Robert Morton na wenzake wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49 na watu 1,863, ulionyesha kwamba anayenyanyua vyuma hunufaika na protini zaidi hadi kufika kama gramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku. Zaidi ya hapo misuli haikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Mtu wa kilo 65 anahitaji basi kama gramu 104. Wakimbiaji wa Onywera walikuwa kwenye gramu 1.3 kwa kilo, na kwa kazi yao zilitosha, ila anayetaka kujenga kifua na mabega atahitaji kuongeza, na mzee wa miaka 70 ambaye misuli yake inapungua naye ataongeza kuliko mahitaji ya kawaida. Swali linalobaki ni chanzo. Maharagwe makavu yana protini ya kama gramu 22 kwa kila gramu 100. Nusu lita ya maziwa ina kama gramu 16, yai moja kama gramu 6, na dagaa waliokaushwa vizuri, wale wanaouzwa kwa kikombe sokoni Mwanza na Kisumu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharagwe yana laisini kwa wingi. Ndiyo maana githeri ya Kenya na makande ya Tanzania ni mlo kamili kuliko jina lake linavyoheshimiwa. Unga wa protini wa dukani wenyewe hauna sumu, na mtu mwenye haraka na fedha anaweza kuutumia. Lakini unabeba hatari moja ambayo mwanariadha anayepimwa hawezi kuipuuza: baadhi ya virutubisho vya makopo hukutwa vimechanganyika na dawa zilizopigwa marufuku bila kuandikwa kwenye lebo, na chini ya kanuni za kimataifa za kupambana na dawa hizo, mwanariadha ndiye anayebeba lawama ya kila kinachokutwa mwilini mwake, alijua au hakujua. Maharagwe hayajamfungia mtu mashindano.

Vidonge vya vitamini navyo vina hesabu yao. Mazoezi huzalisha kemikali zenye ukali ndani ya misuli, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kuzizima kwa vitamini C na E nyingi kungeharakisha kupona. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake Ujerumani waliwapa watu miligramu 1,000 za vitamini C na vitamini E juu yake kila siku kwa wiki nne za mazoezi, wakakuta kwamba vidonge vilizuia baadhi ya faida za mazoezi zenyewe, hasa uwezo wa mwili kuitikia insulini. Ukali ule mdogo ndio unaoupa mwili taarifa kwamba umefanya kazi na unapaswa kujiimarisha. Chungwa moja lina vitamini C ya kama miligramu 70, kiasi ambacho hakifuti taarifa hiyo. Matunda na mboga za majani zinabaki kuwa muhimu. Kinachopoteza fedha, na pengine mazoezi, ni kidonge cha dozi kubwa.

Baada ya kuisifu sahani ya Bonde la Ufa, haki inadai niseme inapopungua, na kasoro kubwa kuliko zote ni kiasi. Wakimbiaji wale 10 walikula wastani wa kilokalori 2,987 kwa siku huku wakitumia takribani 3,605. Utafiti mwingine wa mwaka 2006 wa Barry Fudge na wenzake, uliotumia njia sahihi zaidi ya kupima matumizi ya nishati, nao ulikuta wakimbiaji wa Kenya wakila pungufu ya wanachotumia siku za kuelekea mashindano. Kwa wiki chache kabla ya mbio, kupungua huko huenda kukawapa wepesi. Kukiendelea kwa miezi, mwili huanza kujibana: homoni hushuka, mifupa hudhoofika, majeraha hayaponi, na msichana huacha kupata hedhi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko maalumu kuhusu hali hii, ikisema wazi kwamba huwapata wanaume pia. Hapa ndipo mazungumzo yetu ya michezo yanapotia huzuni. Katika shule na kambi nyingi, msichana anayekosa hedhi huonekana kama aliyefika kiwango, wakati ukweli ni kwamba mwili wake umekosa chakula cha kuendeshea kazi zake zote na umeanza kuzima baadhi. Mfupa unaovunjika kwa mbio za kawaida akiwa na miaka 19 ulianza kudhoofika siku alipoambiwa apunguze uzito.

Kasoro ya pili ni madini ya chuma, ambayo hubeba oksijeni katika damu na ambayo mkimbiaji, hasa wa kike, hayawezi kuyakosa. Madini ya chuma ya maharagwe na mboga hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama na dagaa, na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Kikombe kilekile kinachomfaa mkimbiaji baada ya mazoezi kinamdhuru kikiwa pembeni ya maharagwe. Dawa yake haina gharama: chai isubiri saa moja baada ya mlo, na mlo uandamane na chungwa, embe, nyanya mbichi au limau, kwa kuwa vitamini C huongeza ufyonzaji mara mbili au zaidi. Mnavu, mchicha na kisamvu vina nafasi hapa, na unga wa dona una madini zaidi kuliko sembe iliyokobolewa. Tanzania tangu mwaka 2011 na Kenya tangu 2012 zimeweka sheria ya kuongeza virutubisho kwenye unga wa viwandani, madini ya chuma yakiwemo, lakini unga unaosagwa kwenye mashine za mtaani mara nyingi haupitii utaratibu huo, na ndio unaoliwa na watu wengi.

Kuhusu maji nitasema machache. Wakimbiaji wa nyanda za juu hunywa kwa kiasi, wakifuata kiu, na hali ya hewa ya Iten, iliyo kwenye mita 2,400, inawaruhusu. Anayekimbia Tanga au Lamu mwezi Machi hawezi kuiga hilo. Atahitaji maji na chumvi zaidi. Lakini asilazimishwe kunywa kupita kiu. Katika Marathoni ya Boston ya mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na kunywa kupita kiasi kulikuwa sababu kuu.

Pingamizi la mwisho ndilo linalowahusu wasomaji wengi zaidi. Kama ugali na chai ya sukari vinajenga siha, mbona kisukari na shinikizo la damu vinaongezeka katika miji yetu, ambako watu wanakula vitu hivyohivyo? Jibu ni lilelile la mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani kama vijiko vya chai 12. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimemaliza kiwango hicho kabla soda haijafunguliwa. Mkimbiaji wa Kaptagat anazidisha kiwango hicho mara mbili, na kila jioni misuli yake iko tupu ikidai kujazwa. Sukari inayoingia ina pa kwenda. Karani aliyetoka nyumbani kwa daladala, akakaa saa nane, akarudi kwa daladala, ana misuli iliyojaa tangu jana. Wanga unaozidi kwake hubaki damuni kwa muda mrefu, kisha hugeuzwa mafuta. Anayemwambia apunguze ugali anamshauri vyema, mradi asimpe ushauri huohuo msukuma mkokoteni wa Kariakoo, mbeba zege au mama anayelima tangu alfajiri. Hao kazi yao ni ya wanariadha bila medali, na wengi wao huianza siku kwa chai ya rangi na andazi moja, wakisubiri mlo wa maana saa nane mchana. Uchovu wao wa adhuhuri mara nyingi huitwa uvivu. Ukipima wanachotumia na wanachokula, utakuta ni njaa.

Karani naye hapaswi kuishia kwenye kupunguza tu. Akianza kukimbia mara tatu kwa wiki, sahani yake iongezeke siku hizo na ipungue siku za kukaa: ugali mkubwa jioni ya mazoezi, mboga na maharagwe mengi zaidi siku nyingine, chai yenye kijiko kimoja au isiyo na sukari ofisini. Mpango wa namna hii hauhitaji mshauri wala programu ya simu.

Na kwa makocha wa shule zetu za sekondari, ambao mikononi mwao wamo wakimbiaji na wachezaji wa miaka ijayo: kabla ya kupanga raundi za jioni, waulizeni wanafunzi walikula nini mchana na watakula nini wakitoka uwanjani. Wasichana waulizeni, kupitia mwalimu wa kike wanayemwamini, kama hedhi zao zinakuja. Mwanafunzi ambaye hajala asipewe mazoezi mazito siku hiyo, hata kama mashindano ya wilaya ni wiki ijayo, na uongozi wa shule uombwe uji mzito wenye maziwa na maharagwe ya kutosha kabla ya kuombwa jezi mpya.